Mahari ya nani, mtoto wa nani: tusiharakishe kuiita familia moja "ya asili"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe mchango wangu katika mjadala wa ndoa na familia ambao umeendelea kwa wiki kadhaa sasa katika ukurasa wa maoni. Barua nilizozisoma zimeandikwa kwa uchungu, na wengi wa waandishi wake ni waungwana wenye nia njema. Hata hivyo, karibu zote zimesimama juu ya dai moja, kwamba familia ya asili, ile aliyokuwa nayo binadamu tangu mwanzo, ni ya baba mmoja na mama mmoja wanaoishi na watoto wao chini ya dari moja, na kwamba mpangilio mwingine wowote ni ushenzi wa kale au upotofu wa sasa. Familia ya namna hiyo sina ugomvi nayo, kwa kuwa nilikulia ndani ya moja na nikalea watoto ndani ya nyingine. Ninachokipinga ni hilo neno "asili", ambalo limetumika kuufunga mjadala kabla haujaanza, na ambalo linatuzuia tusilione swali ambalo jamii nyingi zililitanguliza kuliko swali la nani analala na nani: mtoto atakayezaliwa atahesabiwa wa nani, na mali iliyopo itamfuata nani.

Nilifundisha Kiswahili kwa miaka mingi, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikianza na lugha. Neno "familia" lenyewe ni la kuja. Shina lake ni la Kilatini, na katika Roma ya kale lilitaja nyumba nzima iliyokuwa chini ya mamlaka ya mwanamume mmoja, watumwa wakiwamo. Maneno mengine tuliyonayo, kama vile jamaa, kaya, ukoo na mlango, hakuna hata moja linaloishia kwa wazazi wawili na watoto wao. Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, umo katika majina tunayoitana. Ndugu wa kiume wa baba tunamwita baba mkubwa au baba mdogo, na dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, ilhali kaka wa mama si baba wa aina yoyote bali ni mjomba, na dada wa baba si mama bali ni shangazi. Anayetumia majina haya kila siku haoni ajabu yoyote ndani yake. Mwanasheria wa Kimarekani Lewis Henry Morgan aliiona ajabu hiyo, kwa sababu katika lugha yake mtu ana baba mmoja tu, na ndugu wa wazazi, wawe wa kuumeni au wa kukeni, hukusanywa katika neno moja kwa wanaume na jingine kwa wanawake. Mwaka 1871 alichapisha majedwali makubwa ya majina ya ujamaa kutoka sehemu nyingi za dunia, akaonyesha kuwa Waseneca wa Amerika Kaskazini na Watamil wa India, watu waliotenganishwa na bahari kuu, waliwapanga jamaa zao kwa namna zinazokaribiana mno. Msomaji wa Kiswahili akiyatazama majedwali hayo hujiona mwenyewe. (Morgan alitoka hapo akajenga nadharia ya ngazi za maendeleo, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, ambayo leo haina mtetezi, majedwali ndiyo yaliyobaki na thamani.)

Tazama pia neno binamu, ambalo limetoka katika Kiarabu kwa maana ya mwana wa ami, yaani wa ndugu wa kiume wa baba. Katika jamii nyingi za Kiarabu huyo ndiye mchumba anayependelewa, kwa kuwa akioana na binti wa ami yake mali haitoki nje ya ukoo. Katika jamii nyingi za kusini mwa India mtu huyohuyo ni ndugu asiyeoleka, na mchumba mwema ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Wachina kwa karne nyingi waliwakataza watu wenye jina moja la ukoo kuoana, hata kama aliyewaunganisha aliishi vizazi vingi vilivyopita, na nchini Korea Kusini katazo la namna hiyo lilikaa katika sheria mpaka Mahakama ya Katiba ilipolibatilisha mwaka 1997. Kila mmoja kati ya hawa alikuwa na hakika kwamba anachokikataa ni zinaa ya maharimu, na kwamba anachokiruhusu ndicho maumbile yalichokitaka.

Mfano uliowasumbua wataalamu kuliko mingine yote ni wa Wanayar, ambao kabla ya utawala wa Waingereza walikuwa tabaka la wapiganaji katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Kerala, India. Msichana wa Kinayar, kabla hajavunja ungo, alifungwa shingoni kidani kiitwacho tali na mwanamume wa ukoo uliokubaliwa, katika sherehe kubwa iliyofanywa kwa mabinti wengi kwa pamoja. Baada ya hapo mwanamume huyo hakuwa na wajibu wowote wa kuishi naye wala kumlisha. Alipofariki dunia, mwanamke huyo pamoja na watoto wake walishika matanga kwa ajili yake, na huo ndio ulikuwa mwisho wa habari. Alipokua, mwanamke aliweza kupokea wanaume kadhaa wa daraja linalostahili, ambao walikuja baada ya chakula cha usiku, wakaacha silaha zao mlangoni ili mwingine ajue kuwa chumba kina mtu, na wakaondoka alfajiri. Walileta zawadi wakati wa sikukuu, lakini matunzo ya mwanamke hayakuwa juu yao. Nyumba aliyoishi iliitwa taravad, nayo ilikuwa ya mama yake, dada zake, kaka zake na watoto wa upande wa kike, chini ya usimamizi wa mjomba mkubwa. Wanaume wa nyumba hiyo walitumia sehemu kubwa ya mwaka vitani au katika mazoezi ya vita, na waliporudi nyumbani watoto waliowalea na kuwarithisha walikuwa wa dada zao.

Msomaji anaweza kusema, kama alivyosema jirani yangu nilipomsimulia, kwamba hapo hapana ndoa bali ni mambo huria tu. Atakuwa amekosea, kwa kuwa mambo hayakuwa huria hata kidogo. Mwanamke aliposhika mimba ilikuwa lazima mwanamume mmoja au zaidi wa daraja linalofaa wajitokeze na kukiri ubaba kwa kumpa zawadi mkunga aliyemzalisha. Asipojitokeza mtu, ilidhaniwa kuwa mimba ni ya mwanamume wa daraja la chini au wa dini nyingine, na adhabu ilikuwa kufukuzwa katika ukoo au hata kuuawa. Ukoo wa mtoto ulitokana na mama, lakini heshima yake ya kuzaliwa ilihitaji vitu viwili kutoka kwa wanaume, yaani kidani cha yule wa kwanza na zawadi ya huyu wa pili. Kazi ambazo sisi tumemtwika mume mmoja, Wanayar walizigawa kwa mume wa ibada, wageni wa usiku, na mjomba.

Mwaka 1951 kitabu cha mwongozo cha wanaanthropolojia (wachunguzi wa jamii na mila za watu) wa Uingereza kilikuwa kimeeleza ndoa kuwa ni muungano wa mwanamume na mwanamke ambao unawafanya watoto wa mwanamke huyo watambuliwe kuwa halali wa wazazi wote wawili. Ukiwapima Wanayar kwa kipimo hicho, hawakuwa na ndoa, ilhali wenyewe walijua vizuri sana nani ameoleka na nani hajaoleka. Mwanaanthropolojia Edmund Leach aliandika mwaka 1955 kwamba ndoa ni fungu la haki za aina mbalimbali, akaziorodhesha kumi, zikiwamo haki juu ya watoto, juu ya unyumba, juu ya kazi ya mwenzi, juu ya mali, na ushemeji baina ya koo mbili, na akasema hakuna jamii ambamo ndoa inazitoa zote kwa pamoja, wala hakuna haki hata moja inayotolewa na ndoa katika kila jamii. Mwenzake Kathleen Gough, aliyefanya utafiti huko Kerala kwenyewe, hakuridhika na orodha. Mwaka 1959 alipendekeza kwamba kiini kimoja kinabaki, nacho ni kwamba ndoa humpa mtoto hadhi kamili ya kuzaliwa katika jamii yake. Kwa maoni yangu Gough alikuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa Leach ndiye anayetusaidia zaidi tunapogombana, kwa kuwa anatulazimisha kusema ni haki ipi tunayoizungumzia.

Chukua vitenzi vyetu viwili, kuoa na kuolewa. Wanafunzi wangu walizoea kudhani kwamba sarufi hiyo inafuata maumbile, mwanamume akioa na mwanamke akiolewa, kumbe inafuata wajibu. Miongoni mwa Wanuer wa Sudan Kusini, mwanamume akifa bila kuacha mwana, ndugu yake huweza kutoa ng'ombe na kuoa kwa jina la marehemu. Anayeishi na mke huyo na kuzaa naye ni yule aliye hai, lakini mume ni yule aliye kaburini, na watoto wanabeba jina la marehemu na kumrithi. Aliyejitolea hivyo huenda naye akafa bila mtoto wa jina lake mwenyewe, na deni likahamia kwa ndugu mwingine. Wanuer haohao wanamruhusu mwanamke tasa mwenye ng'ombe kuoa mwanamke mwenzake, akamchagulia mwanamume wa kuzaa naye, na watoto wakamwita yeye baba. Kwa Wanandi wa Kenya anayeoa hivyo kwa kawaida ni mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila kupata mtoto wa kiume, naye huoa ili fungu la mali la nyumba yake lipate mrithi; watafiti waliokaa nao wameeleza wazi kuwa unyumba baina ya wanawake hao haumo katika mpango huo. Wakuria wa mkoa wa Mara huuita mpango unaofanana na huo nyumba ntobhu. Katika hali zote hizi Kiswahili sanifu hakina njia ila kusema kwamba mwanamke ameoa.

Wasomaji Wakristo waliotajwa katika barua zilizopita kama mashahidi wa "familia ya asili" wakumbuke kuwa Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, inamwagiza mtu amwoe mjane wa nduguye aliyekufa bila mwana, na mzaliwa wa kwanza asimame kwa jina la marehemu. Wanuer wangeielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa. Wakati huohuo, miongoni mwa Wahindu wa matabaka ya juu mambo yalikuwa kinyume kabisa, kwa kuwa mjane hakutakiwa kuolewa tena na mtu yeyote, hata kama aliachwa angali mtoto, mpaka sheria ya mwaka 1856 ikafungua mlango huo, na hata baada ya hapo wengi waliogopa kuupita.

Sasa niseme kuhusu mahari, kwa sababu hapo ndipo barua za gazeti hili zilipochanganyikiwa kuliko mahali pengine popote. Tunatumia neno moja kwa vitu vitatu ambavyo havifanani. Kuna mali inayotoka kwa bwana harusi au ukoo wake kwenda kwa wazazi na ukoo wa bibi harusi, kama wale ng'ombe wa Wanuer ambao kwa desturi walitakiwa kufika kama 40 na waligawanywa baina ya jamaa wa kuumeni na wa kukeni wa binti. Kuna mahari ya sheria ya Kiislamu, ambayo ni mali ya bibi harusi mwenyewe, na baba yake hana haki ya kuila. Na kuna mali inayotoka upande wa kike kumfuata binti anapokwenda kwa mumewe, ambayo ilienea Ulaya ya zamani na India, na ambayo India iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1961 bila kufanikiwa kuing'oa. Ya kwanza kwa kawaida hununua, kama neno hilo haliudhi, si mwanamke bali haki ya ukoo wa mume juu ya watoto atakaowazaa, na ndiyo maana talaka huleta ugomvi wa kurudisha ng'ombe na kuhesabu watoto. Ya pili ni akiba ya mwanamke dhidi ya siku mbaya. Ya tatu mara nyingi ni urithi wake uliotolewa mapema, na inapogeuzwa kuwa dai la wakwe humweka bibi harusi katika hatari. Mwandishi mmoja alitaka mahari ifutwe kwa kuwa "inamfanya mwanamke bidhaa", mwingine akamjibu kwamba mahari "inamlinda mwanamke", na inawezekana kabisa kwamba wote wawili walisema kweli, kila mmoja kuhusu kitu chake.

Jambo hilo hudhihirika zaidi tukitazama jamii zinazohesabu ukoo kwa mama. Huko mtoto ni wa upande wa mama tangu mwanzo, kwa hiyo mume hana cha kulipia kikubwa. Kwa Wabemba wa Zambia, kwa mfano, kijana hakutoa ng'ombe bali alihamia kwa wakwe zake na kuwafanyia kazi kwa miaka kadhaa. Shida ya mpangilio wa namna hii ni kwamba mwanamume anavutwa pande mbili: watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mkewe, na watoto wa ukoo wake wako katika nyumba ya dada yake. Jamii tofauti zimeitatua shida hiyo kwa njia tofauti, lakini hakuna iliyoimaliza.

Wapo waliodai kwamba mpangilio huo ni mabaki ya upagani na kwamba dini huufuta. Naomba waitazame Sumatra ya Magharibi, nchini Indonesia. Waminangkabau, ambao idadi yao ni mamilioni kadhaa, ni Waislamu wanaojulikana kwa kushika dini, na pia ndio jamii kubwa kuliko zote duniani inayohesabu ukoo kwa mama. Nyumba kubwa za ukoo na mashamba ya urithi hupita kutoka kwa mama kwenda kwa binti, mume huhesabiwa kama mgeni wa heshima katika nyumba ya mkewe, na vijana wa kiume huhimizwa kusafiri mbali kutafuta maisha. Mali ambayo mtu ameichuma mwenyewe hugawanywa kwa kufuata sheria ya Kiislamu, na ile ya mababu, au tuseme ya mabibi, hubaki kwa ukoo. Karibu nasi zaidi, kisiwani Ngazidja katika Komoro, nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, mume huhamia kwa mkewe, na kuna mali inayoitwa manyahuli ambayo hupitia kwa wanawake tu, wala hakuna anayeutilia shaka Uislamu wa Wangazidja. Ni jambo la kufikirisha kwamba waandishi wetu wamemtaja mwanamke asiye na nyumba anapoachwa kana kwamba ni hali isiyoepukika, ilhali huko anayeondoka na sanduku lake ni mwanamume.

Kuhusu idadi ya wake nitapita haraka, kwa kuwa imekwisha kuandikwa sana. Katika orodha ya jamii 1,231 iliyotokana na kazi ya mwanaanthropolojia George Peter Murdock, jamii 186 zilihesabiwa kuwa za mke mmoja tu, 453 zilikuwa na mitala ya nadra, 588 zilikuwa na mitala ya mara kwa mara, na 4 zilimruhusu mwanamke kuwa na waume zaidi ya mmoja. Mtetezi wa mitala asishangilie mapema, kwa maana hesabu hiyo ni ya jamii, haihesabu watu. Wanawake na wanaume wanazaliwa kwa idadi inayokaribiana, kwa hiyo hata pale mitala inaporuhusiwa wanaume wengi huwa na mke mmoja, na vijana wengine hungoja muda mrefu kabla ya kuoa. Na hizo jamii 4 ni chache mno, kwa kuwa uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 uliongeza jamii 53 ambamo mpangilio wa waume wengi ulitambuliwa kwa namna fulani. Sababu yake pale unapojulikana zaidi, katika nyanda za juu za Tibet na Nepal, haina siri yoyote: shamba ni dogo, ndugu wakioa kila mmoja wake litagawanyika mpaka lisimlishe mtu, kwa hiyo ndugu wote wanaoa mke mmoja, mkubwa wao akiwa kiongozi wa nyumba. Ndugu mdogo anayepata riziki mahali pengine mara nyingi huondoka na kuoa wake.

Hata ile ndoa ya kanisani ambayo waandishi wengi wanaiona ya tangu enzi za mitume haikuwa na umbo tunalolijua. Kwa karne nyingi Kanisa Katoliki lilikubali kwamba ridhaa ya wawili inatosha kufunga ndoa, bila padri na bila shahidi, na matokeo yake yalikuwa kesi zisizokwisha za watu waliokana viapo vyao. Mtaguso wa Trento ndio ulioamua mwaka 1563 kwamba lazima paroko awepo pamoja na mashahidi wawili au watatu. Uingereza ilikawia hadi sheria ya mwaka 1753. Nayo desturi ya vijana kuoana wakiwa wamekwisha kupevuka sana kiumri na kuanzisha makazi yao mbali na wazazi, ambayo tunaletewa kama sura ya kawaida ya binadamu, mtaalamu wa takwimu John Hajnal aliieleza mwaka 1965 kuwa ni ya pekee kwa Ulaya iliyo magharibi ya mstari unaotoka St Petersburg hadi Trieste.

Sheria za nchi nazo zimekwenda kila moja na njia yake. Uturuki ilikataza mitala mwaka 1926 na Tunisia mwaka 1956, nchi zote mbili zikiwa na Waislamu wengi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 iliweka ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi katika kitabu kimoja, na ikaweka dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kutambulikana kuwa mke na mume. Kenya mwaka 2014 iliziweka pamoja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Wabunge waliozitunga sheria hizo hawakuwa wanatafuta asili ya binadamu. Walikuwa wanajaribu kuwapatia majaji jibu pale mjane, watoto na ndugu wa marehemu wanapofika mahakamani kila mmoja na dai lake.

Hofu moja ya waandishi wenzangu naiheshimu, nayo ni kwamba mtoto atakosa baba. Lakini ubaba nao umegawanywa kwa njia nyingi. Waaka, wawindaji wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na kaskazini mwa Kongo, wamejulikana kwa baba wanaokuwa na watoto wao wachanga mikononi au karibu nao kwa karibu nusu ya siku, jambo ambalo baba wengi wa "familia ya asili" hawajawahi kulifanya hata siku moja, mimi nikiwamo. Wabari wanaoishi mpakani mwa Venezuela na Kolombia huamini kwamba mtoto anaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na watafiti waliofuatilia watoto hao walikuta kuwa asilimia 80 ya waliokuwa na baba wa pili walifikisha miaka 15, wakati waliokuwa na baba mmoja walikuwa asilimia 64. Huenda chakula cha ziada na mlinzi wa ziada ndivyo vilivyoleta tofauti hiyo.

Asidhani mtu kwamba ninaisifu kila mila kwa kuwa ni mila. Methali ya "mwacha mila ni mtumwa" imenukuliwa mara tatu katika ukurasa wako, lakini wapo waliokuwa watumwa ndani ya mila yenyewe. Kisiwani Taiwan ilikuwapo desturi ya kumchukua binti mchanga na kumlea katika nyumba ya mvulana atakayemwoa, ili gharama ya harusi ipungue na mkwe azoee amri za mavyaa wake tangu utotoni. Mwanaanthropolojia Arthur Wolf alipochunguza kumbukumbu za ndoa hizo alikuta watoto wachache zaidi na talaka nyingi zaidi kuliko katika ndoa nyingine, kwa kuwa waliolelewa kama kaka na dada hawakutamaniana. Nyumba ntobhu nayo imempa mwanamke mwenye mali mrithi na heshima, lakini anayeolewa mara nyingine ni binti mdogo wa kaya maskini ambaye hakuulizwa. Wanayar wenyewe, baada ya Waingereza kuitwaa Malabar, sehemu ya Kerala ya sasa, mwaka 1792 na majeshi ya Wanayar kuvunjwa, walianza kulalamikia mamlaka ya mjomba mkubwa, na mwaka 1975 jimbo la Kerala likafuta kisheria umiliki wa pamoja wa nyumba za ukoo. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza hakitazami ni watu wangapi waliomo katika ndoa wala wanaishi wapi. Kinauliza nani aliulizwa kabla haijafungwa, nani anaweza kutoka, na anayetoka au anayefiwa anaondoka na nini mkononi.

Kwa kipimo hicho, ndoa ya mke mmoja iliyofungwa mbele ya madhabahu inaweza kushindwa, na mpangilio unaotushangaza unaweza kufaulu, au mambo yakawa kinyume chake.

Ninayo maombi mawili. Kwako Mhariri, naomba kila makala ijayo kuhusu mahari imtake mwandishi aeleze katika aya ya kwanza ni mahari ipi kati ya hizo tatu anayoizungumzia, na inaishia mkononi mwa nani. Kwa yule ndugu aliyeandika wiki iliyopita, akaeleza kwa kirefu hoja za wazee waliotaka mjane wa mdogo wao arithiwe na hoja za wachungaji waliokataa, naomba atuandikie barua ya pili, fupi tu, atueleze mjane mwenyewe alisema nini.

Wako,
Mwalimu mstaafu
(jina limehifadhiwa)